Ziwa nalo linataka ratiba

Mtanzania anayeishi Ulaya akituma nyumbani picha aliyopiga Jumamosi mbele ya kanisa la kale, na wiki mbili baadaye akatuma nyingine kutoka mji tofauti, swali linalomrudia ni lile lile. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa Igombe, aliliuliza bila kuzunguka: "Sasa mwanangu, hizo hela za kutembeatembea mnazitoa wapi?" Nikamjibu kwenye simu, "Mama, hela hatuna, tuna tiketi." Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Makala haya ni jibu refu ninalodaiwa naye. Ni hoja pia kwa viongozi wa Manispaa ya Ilemela na Mkoa wa Mwanza, na kwa kila mume na mke wanaoishi kando ya Ziwa Victoria.

Hoja yenyewe ni hii. Kutembea mwisho wa wiki si tabia waliyozaliwa nayo Wazungu, wala si ushahidi kwamba kila mtu kule ni tajiri. Kumejengwa juu ya vitu vinne: sheria ya kazi inayomlinda mtu wa chini, ratiba ya usafiri inayoheshimiwa, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu, na mpaka usiomnyanyasa msafiri. Vinne hivyo vikikosekana, matajiri peke yao ndio watatembea. Vikiwepo, hata mfagizi anatembea. Sisi tunaishi mlangoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na sioni hata kimoja kati ya hivyo vinne kilicho nje ya uwezo wetu.

Tuanze na kule tulikokuwa. Würzburg ni mji wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Main. Wakazi wake hawafiki laki moja na nusu, wakati Ilemela peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya laki tano katika sensa ya 2022. Mji huo una udugu na Mwanza tangu mwaka 1966. Taasisi ya tiba ya kimisionari iliyoanzishwa huko mwaka 1922 imeshirikiana na Hospitali ya Bugando kwa miaka mingi, na chuo kikuu cha mji huo kina ushirikiano wa utafiti na CUHAS, chuo kikuu cha tiba cha Bugando. Mume wangu alipata masomo kwa njia hiyo, nami nikamfuata. Cheti changu cha ualimu wa shule ya msingi hakikuwa na kazi kule, nikaajiriwa kusafisha vyumba hotelini.

Msimamizi wetu, mama wa Kituruki, alinifundisha mambo mawili siku ya kwanza: namna ya kubana pembe za shuka, na haki yangu ya Jumapili. Hoteli haifungwi, kwa hiyo zamu za Jumapili zipo. Lakini sheria ya saa za kazi ya Ujerumani inamlazimu mwajiri kumpa aliyefanya kazi Jumapili siku nyingine ya kupumzika ndani ya wiki mbili, na angalau Jumapili 15 kwa mwaka zibaki za mfanyakazi mwenyewe. Kinga ya Jumapili imo hadi kwenye katiba. Iliandikwa mwaka 1919 na ikahamishiwa kwenye katiba ya mwaka 1949. Zamu zetu zilibandikwa ukutani mapema, kwenye chumba tulichonywea chai, na karatasi ile ilikuwa na uzito kuliko mshahara. Kwa sababu yake tuliweza kukaa mezani siku ya Jumatano na kusema: Jumamosi hii tunakwenda Bamberg.

Kitu kingine kilikuwa bei, yaani tiketi. Tarehe 1 Mei 2023 Ujerumani ilianzisha tiketi ya mwezi ya euro 49 inayokuruhusu kupanda treni zote za mikoani, mabasi ya mjini na tramu nchi nzima, isipokuwa treni za mwendokasi. Mwaka mmoja kabla, bei ya mafuta ilipopaa, walikuwa wamejaribu tiketi ya euro 9 kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti 2022, na watu wakajaa kwenye treni. Hiyo ya euro 49 ikazaliwa kutokana na jaribio hilo. Haijibebi yenyewe: serikali kuu na majimbo zilikubaliana kuchangia euro bilioni tatu kwa mwaka. Bei imepanda tangu hapo, ikawa 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026, na wananchi wamelalamika. Hata hivyo somo lake liko wazi. Kuna watu walikaa bungeni wakapiga hesabu, wakaamua kwamba muuza duka na mwanafunzi nao waione nchi yao.

Sisi tuliitumia tiketi ile kazini siku za wiki, kwa hiyo matembezi ya Jumamosi hayakutuongezea gharama ya nauli. Usiku wa Ijumaa nilikuwa napika chapati, nazifunga kwenye karatasi ya foili zikiwa bado na joto, na mume wangu anajaza chai ya tangawizi kwenye chupa. Hotelini nilisafisha vyumba vya watu waliokuja kutembea, lakini sisi hatukulala hotelini ila mara chache. Tulikwenda asubuhi, tukarudi usiku. Haya ndiyo mama mkwe alipaswa kuyaona nyuma ya picha: chapati, chupa ya chai, na treni iliyoondoka kwa saa yake.

Kuna faida nyingine ambayo siku hizi naiona kubwa kuliko kuona majengo. Nyumbani Pasiansi ndoa ina watu wengi. Mkikosana, yupo shangazi, yupo wifi, yupo mshenga, na wapo wazee wa kanisa. Ugenini mnabaki wawili ndani ya chumba na jiko, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Nimeona ndoa za Waafrika wenzetu zikivunjika kule si kwa ugoni wala ulevi, bali kwa kuchoka: mmoja anatoka kazini mwingine anaingia, wanaachiana funguo na maagizo ya chakula kilichopo kwenye friji. Jumamosi za treni zilitulazimisha kukaa bega kwa bega saa nzima bila televisheni na bila mgeni. Mambo mazito ya nyumba yetu, kuanzia ada ya mdogo wake hadi tamaa yangu ya kurudi kufundisha, tuliyamaliza tukitazama mashamba ya zabibu dirishani. Mshauri wa ndoa angetutoza fedha nyingi kwa kazi ambayo treni ile ilitufanyia.

Na majengo nayo yana ya kusema. Pale pale Würzburg kuna jumba la maaskofu watawala, linaloitwa Residenz, ambalo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Ukipanda ngazi zake kuu, juu yako kuna dari kubwa iliyochorwa na Mwitaliano Giambattista Tiepolo mwaka 1752 na 1753. Amechora mabara manne yaliyojulikana kwao wakati huo, na kila bara ni mwanamke. Ulaya ameketi kwenye kiti cha enzi, amezungukwa na wanamuziki na wasanii. Afrika amepanda ngamia, na kando yake kuna wafanyabiashara, mahema na marobota ya bidhaa. Tulisimama chini ya Afrika yule hadi shingo zikauma. Tiepolo hakuwahi kukanyaga bara letu. Alichora alichosimuliwa, akakichora kwa ufundi ambao umedumu hata baada ya mabomu ya tarehe 16 Machi 1945, yaliyoteketeza sehemu kubwa ya mji ule kwa muda wa dakika ishirini hivi na kuua watu wapatao 5,000. Mume wangu aliniambia tukishuka ngazi: "Mtu asipotembea, atachorwa na wengine." Sijaisahau kauli hiyo. Nchi isiyozungukwa na wenyewe huelezwa na wageni, na wenyewe huishia kuamini maelezo yale.

Kitu cha mwisho, mpaka. Safari moja ilitufikisha Kehl, mji mdogo wa Ujerumani kwenye ukingo wa mto Rhine. Ng'ambo ya mto ni Strasbourg, Ufaransa. Kati ya 1870 na 1945 Strasbourg ilibadilisha utawala kati ya mataifa hayo mawili mara nne, na kila badiliko lilikuja na damu. Tangu Aprili 2017 kuna tramu ya mjini inayovuka daraja la Rhine kati ya miji hiyo. Tulipanda na akina mama wa Kifaransa waliotoka kununua sabuni na nepi upande wa Ujerumani, mifuko imejaa, watoto wanalia, hakuna aliyetazama nje kuona kama nchi imebadilika. Mkataba uliofungua mipaka ile ulisainiwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli iliyotia nanga mtoni Moselle, kando ya kijiji cha Schengen nchini Luxembourg. Nchi zilizoanza zilikuwa tano tu, na ukaguzi ukaondolewa tarehe 26 Machi 1995. Ilichukua karibu miaka kumi kutoka sahihi hadi utekelezaji. Sisi wenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani tuliruhusiwa kuzunguka nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180.

Sitaki kuipamba Ulaya kupita kiasi. Mlango huo huo ulio wazi kwa aliye ndani ni mgumu kwa aliye nje. Ndugu wa Ilemela anayetaka kumtembelea binti yake Würzburg analipa euro 90 za ombi la viza, ambazo harudishiwi akikataliwa, na anapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima na uthibitisho kwamba atarudi. Ujerumani yenyewe ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Tulitembea na kibali mfukoni kila safari, na tulijua kwa nini. Lakini ugumu huo ndio unaonipa sababu ya kuuliza swali la kwetu: sisi ambao hatuhitaji viza kwenda Kisumu wala Kampala, tumeufanyia nini uhuru huo?

Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayozungumzia watu kutembea kwa uhuru, ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuanzia 2014 wananchi wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika utaratibu huo, kwa hiyo mtu wa Kitangiri anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kwenda Kampala anapanda basi kupitia Bukoba na Mutukula. Kwenda Kisumu anapitia Sirari. Anazunguka ziwa ambalo katikati yake hakuna ukuta. Wazazi wetu waliishi tofauti: kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, MV Victoria ilikuwa ikiunganisha Mwanza, Kisumu na Port Bell, na mtu aliweza kuzunguka bandari za nchi tatu akiwa amelala kitandani melini.

Mtu asiniambie kwamba watu wa ziwani hawasafiri. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uone. Boti zinashusha dagaa na sangara wakavu kutoka visiwani, na wanunuzi wanaongea Kiswahili cha Bukavu, cha Kigali na cha Bujumbura. Nenda Kayenze uone wanawake wenye ndoo na magunia wakivuka kwenda Bezi na visiwa vya mbali zaidi. Hawa wanalijua ziwa kuliko ofisa yeyote. Tunasafiri kwa biashara, kwa msiba, kwa harusi, kwa kumpeleka mtoto shule. Kinachokosekana ni safari ya mume na mke na watoto wao kwenda mahali kwa sababu tu ni pazuri na ni pao.

Na sehemu hizo zipo, nyingine karibu kuliko Bamberg ilivyokuwa karibu na chumba chetu. Kisiwa cha Saanane, kilichobeba jina la mvuvi aliyekimiliki, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ni dakika chache kwa boti kutoka mjini. Bujora, pale Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada, na kila Juni ngoma za Bulabo hujaza uwanja kwa mashindano ya makundi ya wachezaji ya Bagika na Bagalu. Ukerewe ni saa chache kwa meli, na kutoka hapo unaweza kuvuka hadi Ukara, penye jiwe kubwa linalocheza. Mbali zaidi ni Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na jumuiya ya wanyama ya Frankfurt walileta pale sokwe 17 waliokuwa wamefungwa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakawaachia msituni. Uzao wao upo hadi leo. Sisi tulisikia habari zao kwa mapana tukiwa Frankfurt, mbele ya vizimba, kutoka kwa Mjerumani aliyekuwa amefika Rubondo. Wageni wanaofanya kazi Mwanza, madaktari na wahandisi na walimu, huzimaliza sehemu hizi mwaka wao wa kwanza. Ni haki yao, na nawapongeza. Ila sioni kwa nini mtoto wa Buswelu azisikie kutoka kwao.

Safari ya Rubondo kwa barabara sasa imekuwa nyepesi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Pale tulipokuwa tunapanga foleni ya kivuko, wagonjwa wakiwa ndani ya gari la hospitali na matunda yakioza, sasa unavuka kwa dakika chache kuelekea Sengerema na Geita. Serikali imejenga pia meli ya MV Mwanza, hapa hapa bandarini kwetu, yenye urefu wa mita 92 na uwezo wa kubeba abiria 1,200. MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Kwa vitu vikubwa, hatuko pabaya. Tunachokikosa ni vile vidogo vinavyofanya kikubwa kitumike.

Niseme sasa juu ya hofu, maana bila kuitaja nitakuwa naongea na hewa. Familia nyingi za Ilemela haziendi majini kwa matembezi kwa sababu ya tarehe mbili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaondoka na watu zaidi ya 800; baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba watu 101, kilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Waliokufa ni zaidi ya 220. Mama aliyempoteza kaka yake mwaka 1996 hawezi kuambiwa apande boti kwa sababu kisiwa ni kizuri. Anataka kuona chombo kimekaguliwa, idadi ya abiria imeandikwa ubavuni, jaketi okozi lipo kwa kila mtu hadi la mtoto mchanga, na mtu mwenye mamlaka anamzuia abiria wa ziada kupanda hata akiwa na fedha mkononi. Utalii wa ndani wa ziwa letu utaanza siku huyo mama atakapoamini. Matangazo ya televisheni hayatamshawishi. Kitakachomshawishi ni kuona boti imeondoka Jumamosi hamsini mfululizo na kurudi salama.

Kuna wanaoniambia: sheria za Ulaya ni za Ulaya, sisi hatuna muda wa kupumzika. Nawaomba wasome sheria yetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Kiwango cha chini cha likizo cha Ujerumani ni siku 24 kwa wiki ya siku sita za kazi, yaani wiki nne. Siku 28 mfululizo nazo ni wiki nne. Kwenye karatasi mhudumu wa hoteli ya Ilemela na mimi niliyekuwa mhudumu wa hoteli ya Würzburg tuko sawa. Tofauti ni kwamba kule karatasi ya zamu ilibandikwa ukutani na iliheshimiwa, na hapa wasichana wengi wa hotelini, wa maduka ya Kirumba na wa viwanda vya samaki wanajulishwa zamu kwa simu usiku wa kuamkia kazi. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanga kwenda hata Saanane. Waajiri wanaweza kulirekebisha hili kesho, bila mkopo na bila mfadhili.

Najua pia kwamba wengi wetu hatuna mwajiri. Bodaboda wa Nyakato na mama lishe wa Pasiansi wakipumzika siku moja, siku hiyo hawali. Kwao dawa ni bei na ukaribu: safari ya nusu siku Jumapili mchana, nauli wanayoijua kabla, watoto kwa nusu bei. Kiingilio cha Mtanzania katika hifadhi zetu tayari ni sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni. Gharama inayomshinda mtu ni ya kufika, kwa sababu boti ya kukodi inalipiwa na kundi dogo. Boti ya ratiba inalipiwa na wengi, na hapo ndipo bei inaposhuka.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya familia. Fedha ya matembezi ingeweza kulipa mchango wa harusi, kumtibu mjomba, kumnunulia sare binamu. Hili nimelibeba miaka yote, ng'ambo na hapa nyumbani. Tulipokuwa Würzburg tulituma fedha kila mwezi kabla ya kufanya lolote jingine, na ningefanya hivyo tena. Lakini naamini nyumba inayotoa tu bila kujilisha huishia kuanguka, na ikianguka inawaangukia wale wale iliyokuwa inawabeba. Vikao vya harusi vinachukua Jumamosi zetu, misiba inachukua Jumapili, baba yuko na wanaume wenzake, mama yuko na kikundi chake, na watoto wanawaona wazazi pamoja kanisani au msikitini tu. Ndoa yenye afya nayo ni mchango kwa ukoo. Familia ikitenga Jumamosi moja kwa mwezi na kuitangaza kama inavyotangaza kikao, ndugu watazoea.

Asije mtu akasema huu ni uzungu. Kitabu kikubwa kuliko vyote kilichotoka ziwani kwetu kinahusu mume na mke. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha kwa Kikerewe, mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Ndani yake mume anatembea kwenda kwa wakwe kumrudisha mkewe, wanapika pombe ya ndizi ya kuwapatanisha, wanakwenda pamoja kwa mganga kutafuta mtoto, na njia nzima imejaa mimea, ndege, mvua na maongezi. Kizazi cha Kitereza kilijua kwamba wawili hufahamiana njiani. Na riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza, ikisomwa na watu ambao hawatafika Nansio, Ukerewe, wakati mwanafunzi wa Bwiru, anayeiona njia ya meli ya Nansio kutoka kilimani, mara nyingi hajakanyaga alikozaliwa mtunzi.

Kwa hiyo naomba mambo machache yanayotekelezeka. Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, yenye pwani kuanzia Kirumba hadi Kayenze, iteue gati moja la abiria lenye choo, kivuli na mwanga, itangaze zabuni ya boti ya matembezi ya Jumamosi na Jumapili, na isaidie nauli kwa mwaka wa kwanza hadi watu wazoee. TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, iweke mkaguzi wake pale pale gatini siku hizo mbili, si ofisini. Shule zipewe bei yao, ili kila mtoto wa Ilemela amalize darasa la saba akiwa ameshakanyaga Saanane na Bujora. Wizara husika zikae na wenzao wa Kisumu na Kampala, zipange safari ya meli ya abiria ya kuzunguka ziwa kwa ratiba ya mwaka mzima, na ofisa uhamiaji awemo melini, agonge muhuri watu wakiwa safarini. Ulaya ilianza na nchi tano na meli moja. Sisi wa ziwa hili ni nchi tatu, na meli tunayo.

Nasi wananchi tuna letu. Boti hiyo ikianza, ijazwe. Wiki za kwanza itakuwa na viti vitupu, na mwendeshaji atashawishika kusubiri abiria hadi saa nne badala ya kuondoka saa mbili. Akisubiri, ratiba imekufa, na tutarudi kwenye boti ya kukodi ya wenye nazo. Wanandoa wa Kiseke, Nyasaka, Buzuruga na Kitangiri wanaoweza kutoa nauli ya wawili wawe wa kwanza kufika gatini kabla ya saa mbili, chai ikiwa kwenye chupa. Na ubao wa nauli na saa za kuondoka ubandikwe mahali ambapo mama mkwe wangu ataweza kuusoma bila kumwuliza mtu. Tukianza na hilo moja, mengine yatadaiwa na abiria wenyewe.